Minazi ya Kuhesabiwa

Nilipofika Mradini kila mtu alikuwa anajenga na hakuna aliyekuwa anahamia. Nyumba zilisimama kwa mistari katikati ya vichaka, kuta za tofali za kuchoma, bati jipya linaloumiza macho, lakini hazikuwa na milango, wala jiko, wala choo. Nilichungulia moja nikakuta majani yameota chumbani.

"Hizi ni za nani?" nilimuuliza fundi aliyekuwa juu ya paa.

"Za kuhesabiwa," akajibu, akaendelea kugonga misumari.

Mahali penyewe ni bara kidogo kutoka Zinga, karibu na Bagamoyo. Unaiacha lami, unafuata njia ya wachoma mkaa mpaka unachoka. Zamani palikuwa na mashamba machache ya mihogo na pori. Kisha zikaja habari kwamba mradi mkubwa utapita hapo. Wengine walisema viwanda, wengine bandari, wengine reli, na sikumpata hata mmoja aliyeambiwa na mtu mwenye hakika. Hakika yao ilikuwa kwenye fidia tu. Utakayekutwa na nyumba utalipwa nyumba, utakayekutwa na mti utalipwa mti. Watu wakamiminika kutoka pwani yote na kutoka bara, wakanunua vipande vya pori, wakaanza kupanda na kujenga.

Mimi niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nikisikia watu wamekusanyika mahali kwa jambo fulani, miguu inaniwasha. Kule nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu nilipata kazi siku ile ile.

Aliyenipa kazi alikuwa mzee wa Kizaramo aliyekulia Kaole. Nilimkuta na mkewe wanapanda miche ya minazi, na nilivyoona wanavyoipanda nikasimama. Hata mimi nisiye na shamba najua mnazi unataka nafasi. Hawa walikuwa wanapanda hatua moja moja, kama watu wanaopanda mahindi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Unatafuta njia au unatafuta kazi?"

"Natafuta kazi. Lakini mzee, hii minazi itabanana."

Mkewe akacheka kidogo bila kuinua kichwa. Mzee akanitazama. "Kwani nani kakwambia itazaa?" akasema. "Shika jembe."

Mchana, wakati wa kula, nikajua habari zake. Kwa watu wa pwani mnazi ni mali ya aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Unaurithi, unaugawa, unauweka akiba kwa mwanao. Baba yake alimwachia minazi mikubwa Kaole, inayozaa. Ameiuza yote. Kwa bei yake amenunua kiwanja hiki na miche hii, kwa sababu mnazi mmoja mkubwa huhesabiwa mmoja, na mche mdogo nao huhesabiwa mmoja. Walipofika hapa waliukuta muhogo wa mwenye shamba wa kwanza, umestawi vizuri. Wakaung'oa wote. Muhogo, waliambiwa, ni zao la msimu, hauna bei ya maana kwenye fidia.

"Tuliuchimba mbichi," mama alisema. "Mwingine tukautupa. Mpaka leo nikilala nauona."

"Basi usilale," mzee akasema.

Nikapewa pa kulala, kwenye nyumba yao ya pili, ile ya kuhesabiwa. Nilitundika gunia mlangoni.

Ulikuwa wakati mzuri, siwezi kukataa. Pale njia panda palikuwa na mama lishe watatu, kibanda cha kuchaji simu, na duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja wa Dunda, Bagamoyo mjini, aliyefungua tawi. Pembeni ya shamba la mzee alikaa Mnyamwezi mchoma tofali, mwanamume mkubwa, peke yake, tanuri lake halipoi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati Wanyamwezi walipokuwa wanashuka kutoka bara na pembe za ndovu mabegani mpaka Bagamoyo. Kwa hiyo hawa wawili hawakusalimiana hata siku moja kama watu wa kawaida.

"Mpagazi," mzee angemwita kutoka ng'ambo ya miche, "mzigo wa babu yangu uliutua wapi?"

"Nimeutua kwa bibi yako. Babu yako alikuwa ngomani, kama kawaida yenu."

"Ukifa sikuziki."

"Utanizika wewe? Jembe lenyewe unamshikisha mkeo."

Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukamata kuku wako mchana kweupe akamchinja, nawe ukaishia kucheka na kutafuta siku ya kulipiza. Mnyamwezi alikuwa amekwisha kula kuku wawili wa mzee, na mzee alikuwa amechukua shoka lake na kukataa kulirudisha.

Kisha wakaja wenye kuhesabu. Walikuja na gari, wakapita shamba kwa shamba, wakapaka rangi nyekundu kwenye kuta na kufunga utepe kwenye miche ya mwanzo na ya mwisho ya kila mstari. Kabla ya kuondoka walitukusanya njia panda wakatuambia neno moja: kuanzia leo msiongeze wala msipunguze. Atakayekata mti au kubomoa nyumba kabla ya malipo amejitoa mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Usiku ule palichinjwa mbuzi.

Hawakurudi.

Mwanzoni hakuna aliyehisi. Ila ujenzi ulikuwa umekatazwa, na pale hapakuwa na kazi nyingine zaidi ya kujenga. Mafundi wakakosa kibarua, mama lishe wakakosa mafundi. Mnyamwezi akabaki na tanuri zima la tofali ambalo halina wa kununua. Yule wa kuchaji simu akafunga, na kwa kuwa simu zilikuwa hazichajiwi, tukaacha hata kuuliza habari. Vijana wakaanza kwenda Dar mmoja mmoja. Wanaume wenye wake nao wakaenda, wakasema wanatafuta, na wengi wao sijui walichokipata mpaka leo.

Mhindi wa duka alikuwa wa mwisho kufunga. Nilimsaidia kupakia mabati yaliyobaki kwenye gari. Alikuwa mtu mzima, anaongea Kiswahili cha Bagamoyo hasa, akivuta maneno.

"Unarudi Dunda, bwana?" nikamuuliza.

"Narudi. Nimezaliwa pale. Babu yangu alikaa kwenye duka lile wakati misafara imekwisha na meli zote zinakwenda Dar es Salaam. Anafungua asubuhi, anakaa, anafunga jioni. Alikuwa anasema kazi ya duka ni kukaa." Akafunga kamba. "Mimi sina moyo wa babu yangu. Nikikaa hapa bila mteja nitakuwa mwendawazimu."

Akatuachia gunia la misumari yenye kutu. Hatukuwa na pa kuigongea.

Njaa ilipoingia, watu walianza kula pori. Mkaa ulikuwepo, lakini kila mtu alichoma mkaa, na wanunuzi walitaja bei ya kuchekesha. Tulikula mchicha wa porini, tukala mbilimbi kwa chumvi, tukala unga wa mahindi mabovu. Binti wa mzee na mama alikuwa mtumishi wa ndani Dar, na mwanawe wa kike, mtoto wa kama miaka minne, alikuwa ameachwa kwa babu na bibi. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa anapungua mbele ya macho yetu. Alikuwa mchangamfu, anapenda kuingia kati ya mistari ya miche na kujificha, kisha akaacha kujificha, akawa anakaa tu.

Hapo ndipo mama alipoanza kusema habari ya kukata.

"Mvua ziko karibu," alimwambia mumewe. "Tukate mistari kadhaa tuweke matembele na muhogo. Matembele hayachelewi. Kisamvu nacho utakichuma kabla muhogo wenyewe haujaja."

"Ukikata umepunguza. Ulisikia walivyosema."

"Nilisikia. Wao wako wapi?"

"Wanakuja. Serikali haina mbio."

"Mimi sijawahi kumwona mtu akila utepe."

"Na mimi nimeuza minazi ya baba yangu," mzee akasema. Hakupaza sauti. "Minazi inayozaa, niliyopandishwa juu yake kabla sijaota meno ya pili. Nimeiuza kwa sababu ya hii. Leo unaniambia niikate hii nipande matembele. Kwa hiyo niliuza kwa sababu ya nini?"

Mimi nilikuwa nimekaa pale, nikaona haya kuwa pale. Wiki baada ya wiki maneno yalikuwa hayo hayo. Nilijua kila mmoja atasema nini. Na hawakuwa peke yao. Nyumba zote zilizobaki na watu zilikuwa na ugomvi huo, mke anataka kulima, mume analinda miche. Ardhi tele, mvua inakaribia, na watu wanalala njaa kando ya miti ambayo kila mwenye macho aliona haitazaa kitu.

Basi mama akaenda kuchimba ndiga.

Ndiga ni kiazi cha porini. Kina sumu. Watu wa bara la hapa, Wazaramo na Wakwere, wamekula ndiga kila palipokuwa na njaa, na wanajua jinsi ya kuipika: unaimenya, unaikata vipande vyembamba, unailoweka siku nyingi kwenye maji yanayotembea, unaikausha, ndipo unatwanga. Mama alikulia pwani, Kaole, kwenye samaki na nazi. Ndiga aliijua kwa masimulizi ya bibi yake. Lakini alijua yote, hakusahau hata hatua moja. Tatizo lilikuwa maji. Mradini hakuna mto. Kuna kisima kimoja cha kuchimba kwa mikono, mbali, na wakati ule maji yake yalikuwa tope. Ndoo moja ilikuwa ya asubuhi nzima. Watu walihamia mahali pa kuhesabiwa, si mahali pa kuishi, na hakuna aliyefikiri juu ya maji. Mama aliloweka kwenye pipa, akabadilisha maji kila alipoweza. Nilimchotea mimi mwenyewe. Tuliona maji yanazidi kuwa meupe, tukadhani yametosha.

Tulikula sote mchana. Ugali wake ulikuwa mchungu kidogo mwishoni, mzee akasema uchungu huo ndio wake. Alasiri mimi nilianza kuona miti inayumba. Nikatapika. Mzee akatapika. Mama alikuwa amekula kidogo sana, alikuwa amemwachia mtoto.

Mnyamwezi alisikia kilio akaja. Alimbeba mtoto mgongoni kwa kanga ya mama, kama mwanamke, akaanza kukimbia kuelekea Zinga kwenye zahanati. Mimi nilimfuata, nikianguka na kuinuka. Njiani hakukuwa na pikipiki. Zile zilizokuwa zikija njia panda ziliacha kuja tangu watu waache kusafiri. Karibu na lami nikamkuta amekaa chini kando ya njia, miguu ameinyoosha, mtoto yuko mapajani kwake.

"Rudi," akaniambia. "Hakuna tunachokipeleka tena."

Tulimzika kesho yake asubuhi. Mama yake alifika jioni kutoka Dar, akaoneshwa kaburi.

Kwenye msiba wa mtu mzima mtani hufanya vituko: anaiga namna marehemu alivyokuwa akitembea, anazuia jeneza, analala kaburini mpaka apewe kitu. Msiba wa mtoto hauna hayo. Mnyamwezi alichimba kaburi, akakaa na wanaume kwenye jamvi. Mama alikuwa ndani na wanawake, na kila alipotokea watu walitazama chini, kwa maana kila mtu alijua aliyepika ni nani na hakuna aliyeweza kumlaumu, wala aliyeweza kumwambia hana hatia. Nilimsikia mara moja akisema na binti yake. "Nililoweka mwanangu. Nililoweka." Binti akasema, "Najua mama." Basi.

Siku ya kuanua matanga palisomwa hitima, pakapikwa uji kwa unga ulioletwa na binti. Baada ya dua watu walikuwa wanataka kuinuka. Mnyamwezi alisimama kwanza. Akaingia nyumbani kwa mzee bila hodi, akatoka na lile shoka lake lililokuwa limezuiwa, na panga la mzee.

"Nyinyi Wazaramo," akasema kwa sauti ya utani, ile ya kila siku, "nimekaa na nyinyi, sijaona watu wavivu namna hii. Mmeshindwa hata kusafisha shamba. Mmelijaza vijiti."

Watu wakageuka. Mzee alikuwa bado ameketi kwenye jamvi.

Mnyamwezi akaenda kwenye mstari wa kwanza. Akaukata ule mche wenye utepe, pigo moja, akaurusha pembeni. Akakata wa pili.

"Mzee, anakata," mtu mmoja akasema.

"Namwona."

"Mwambie aache."

Mzee alibaki ameketi. Mnyamwezi aliendelea, na kila mche alioukata aliutukana. Huu, alisema, ni wa kufungia mbuzi. Huu ni wa kupigia ngoma. Huu ni mkwe wa mzee, amekuja bila mahari. Kuna wanawake walioanza kucheka, kicheko kile cha msibani ambacho nusu yake ni kilio, na mama mwenyewe akatoka mlangoni akasimama, kanga mdomoni.

"Mzaramo, huna cha kusema?" Mnyamwezi akauliza. Alikuwa amelowa jasho. "Sema. Nitukane."

"Wewe ni mtani wangu," mzee akasema. "Nitasema nini."

Akavuta shuka akajifunika uso. Mtu yeyote mwingine angeugusa mche mmoja, wangekwenda mahakamani au wangeuana. Mkewe angeukata, pengine angemwacha. Mtani hakuwa na kosa. Aliikata mistari yote ya upande wa kaburi, kisha akaliweka panga chini mbele ya mzee, akaondoka na shoka lake.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa shambani kabla ya jua. Alikwenda kwa Mkwere mmoja, mwendo wa mbali, akarudi na mzigo wa vijiti vya muhogo na marando ya viazi. Binti yake alikaa wiki nzima wakilima pamoja, bila kuongea sana, halafu akarudi kazini. Mimi nilitengeneza matuta. Mvua zilipokuja zilikuwa kidogo, lakini zilikuja. Tulianza kuchuma matembele wakati majirani walikuwa bado wanachimba ndiga.

Mzee hakutia mguu kwenye matuta yale. Alikuwa anakula alichopikiwa, anashukuru, anakwenda kukaa kwenye miche iliyobaki. Na utani ulikuwa umekufa. Mnyamwezi alipita, akasema "Mzaramo, uko hai?" na mzee akaitikia, "Niko," kama anavyomwitikia mpita njia. Nadhani hilo lilimuumiza Mnyamwezi kuliko njaa. Aliondoka kabla muhogo haujakomaa, akasema anarudi kwao Tabora, akaliacha tanuri lake na tofali zote ndani. Watu walijichukulia tofali, nao hawakuwa na cha kujenga.

Siku tuliyochimba muhogo wa kwanza mama aliuchemsha, akauweka mbele ya mumewe pamoja na chumvi na pilipili. Alikula polepole. Alipomaliza aliuliza, "Yule Mkwere ana vijiti vingine?"

"Havihitajiki. Tunavyo vyetu sasa."

Akanawa mikono. Akachukua panga, akaenda kwenye mistari iliyobaki. Sikumfuata. Nilisikia pigo, kisha kimya kirefu, nikadhani ameshindwa. Kisha pigo jingine. Alikata mpaka adhuhuri, akaja kuswali, akarudi. Hakutaka msaada, na alipokuwa akirudi jioni macho yake yalikuwa mekundu, mama akamwekea maji ya kuoga bila kumtazama.

Habari zilienea. Wako waliosema mzee amejitoa, na wenye kuhesabu wakija atalia. Huenda. Mpaka nilipoondoka hawakuwa wamekuja. Wako waliobaki na miche yao, ikawa ya manjano, ikafa yenyewe kwa kubanana, nao wakiilinda. Familia mbili nyingine nazo zilizika.

Lakini siku chache baadaye alikuja mwanamke wa nyumba ya tatu, ambaye wakati wa ugomvi alikuwa akisema mama ana wazimu. Alisimama nje ya ua na mwanawe mgongoni. Baada ya kusalimiana akasema amesikia wana mbegu ya muhogo, na kama inawezekana angeomba kidogo, hata mzigo mdogo.

Mama alikwenda kwenye matuta, akamchagulia vijiti vilivyokomaa, akavifunga kwa ukili. Kisha akavizuia mkononi.

"Mumeo yuko?"

"Yuko. Amelala."

"Utavipanda wapi? Kwenu hakuna nafasi hata ya kuweka ndoo."

Yule mwanamke akageuka kutazama upande wa kwao.

"Vitakaa hapa hapa, havitaharibika upesi," mama akasema. Akavilaza kivulini, akavifunika kwa majani. "Nenda nyumbani ukachukue panga. Nami nakuja."